Ukuta wa Bi Mahfoudha

Baba yake Radhia alikuwa fundi mwashi wa Pangani, bingwa wa majumba ya mawe. Alifariki mwezi wa Rajabu, na Radhia, mtumishi wa nyumbani huko Al Khoudh, Uarabuni, hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Tangu hapo, kila Ijumaa alipopumzika, alipanda basi hadi Ruwi, akatembea kwa miguu mpaka mitaa ya zamani ya Matrah. Hakununua kitu. Aliangalia milango ya nakshi, roshani za mbao, boriti zilizochomoza ukutani. Akipata kivuli, hukaa akalia kidogo.

Ijumaa moja alisimama mbele ya nyumba kongwe iliyopigwa saruji mpya. Ukuta ulikuwa umefura chini. Akaugonga kwa kidole; ukalia kama debe tupu.

"Wewe, watafuta nini kwenye ukuta wangu?" Bi kizee alikuwa mlangoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja.

"Shikamoo, bibi. Nyuma ya ukuta huu analala nani?"

"Marahaba. Nnalala mimi, mwaka wa arubaini huu."

"Hamisha kitanda, bibi. Ukuta wa mawe, udongo na chokaa unapumua. Saruji imeuziba, maji yamekwama ndani. Marehemu baba alinifundisha kuusikiliza."

Bi Mahfoudha, ndilo jina lake, aliguna tu. Mafundi wa saruji walikuwa wameletwa na mwanawe Hatem, na kazi yao ilimpendeza bibi. Hata hivyo jioni ile alikihamishia kitanda chumba cha pili. "Mtu hamsingizii maiti wake," alimwambia Hatem.

Wiki ya tatu mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Ukuta ukaporomoka, mawe yakajaa pale alipokuwa akilala.

Ijumaa iliyofuata Hatem alikuwa akimngoja Radhia njiani. "Dada, mama yangu yu hai kwa sababu yako. Tuambie tujenge vipi."

Kwa Ijumaa tano Radhia alisimama na mafundi, akiwaonyesha namna ya kuloweka chokaa, na mara moja akawanyang'anya mwiko.

Ukuta ulipokamilika, alikuta majirani wanawake wamekaa kwenye busati, juzuu za Kurani mikononi.

"Baba yako jina lake nani, mwanangu?" Bi Mahfoudha aliuliza.

Radhia alivua viatu, akakaa ukingoni mwa busati.

"Mwinjuma bin Athumani."

Wakamsomea marehemu khitma. Kisha mmoja mmoja wakampa Radhia mkono wa tanzia, watu kumi na mmoja asiowajua. Saa kumi akaondoka kuwahi basi, maana huko Al Khoudh chakula cha jioni kilikuwa kinamsubiri akipike.