Kabla Kanali Hajanywa

Nilitoka Kigoma kwa treni nikiwa na cheti cha kidato cha nne, shuka moja na kifurushi cha mgebuka ambao mama alisema niwape wenyeji wangu. Wenyeji sikuwa nao. Kaliua tuliteremshwa kungoja mabehewa ya Mpanda, tukangoja siku mbili, na samaki wale wakaanza kunuka hivi kwamba abiria wenzangu wakaomba tuwale wote pale pale. Kutoka hapo ni msitu mtupu. Treni ilisimama mahali ambapo sikuona hata nyumba moja, watu wakashuka na mizigo na kuingia porini kama wanaingia sebuleni kwao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kazi niliyoifuata huko Mpanda ilikuwa yangu ya nne. Zile tatu nilizikimbia.

Mpanda wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa. Ofisi ya makazi ya wakimbizi ilitaka mkalimani. Wakimbizi walikuwa wamevuka Ziwa Tanganyika miaka mingi nyuma, wamelima, wamezaa, na wengi walijua Kiswahili. Ila wazee na akina mama bado walieleza shida zao kwa Kirundi. Mimi ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Siku ya kwanza Mkuu wa Makazi, Mfipa mrefu mwenye kaunda suti, alimwita bibi mmoja aliyekuwa nje, akamtaka aseme chochote nami nitafsiri. Bibi alisema ofisi hii ina viti vingi na majibu machache. Nikatafsiri hivyo hivyo. Mkuu akamtazama bibi, akanitazama mimi, akasema nianze kesho.

Vijana wa leo mnadhani ukalimani ni kujua lugha mbili tu. Unakaa nyuma ya bega la unayemtumikia. Msemaji akisema "mimi", nawe unasema "mimi". Husemi "anasema kwamba". Hucheki kabla wenye mkutano hawajacheka. Baada ya kikao unaandika muhtasari, yaani nani alisema nini na nani alinyamaza wapi, kwa sababu ukizungumza na serikali ya wanajeshi, kimya nacho ni hoja.

Na serikali ya ng'ambo, miaka ile, ilikuwa ya wanajeshi. Haikuwa na wa kuiuliza. Ilitaka watu wake warudi ili dunia ione nchi imetulia, na sisi tuliagizwa kuzungumza nayo kwa adabu, maana jirani huwezi kumhamisha.

Ndipo likaja suala la Nestori. Huyu alikuwa fundi cherehani wa makazini. Alivuka ziwa kwenda kumzika mama yake, asirudi. Mtu mmoja aliyetoka huko alisema alimwona akipandishwa kwenye gari la askari. Mkewe, Mama Daforoza, alikuja ofisini kila Jumatano kwa miezi. Anakaa kwenye benchi, haongei. Akiulizwa anataka nini, anasema, "Nipo tu."

Ujumbe wa kwanza wa serikali ile ulifikia Mpanda mjini, ukiongozwa na Kanali mpole mwenye sauti ya katekista. Kwa upande wetu alikuja Afisa wa Mambo ya Nje kutoka Dar es Salaam, mwanamke tuliyemwita Mama Balozi ingawa ubalozi alikuwa hajaupata. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mwanajeshi haombwi jambo gumu mbele ya wadogo zake bila kuachiwa mlango wa kutokea. Kwa hiyo jina la Nestori lingetajwa mwisho kabisa, kwenye mengineyo, kama jambo dogo la kifamilia.

Kosa letu halikuwa kwenye maneno. Watu wa ofisi, kwa heshima zao, walifungua soda zote jikoni, wakazimimina kwenye glasi, wakazileta kwenye sinia lenye kitambaa. Wao waliona huko ndiko kukirimu. Lakini kwa Warundi, kama kwa bibi yangu kule Kasulu, kinywaji hufunguliwa mbele ya mgeni na mwenyeji hukionja kwanza, mgeni ajue hakikutiwa kitu. Niliziona glasi zikija. Nikanyamaza, kwa kuwa sikuulizwa. Hakuna mgeni aliyegusa. Mapovu yakaisha, nzi wakafika. Jina la Nestori lilipotajwa, Kanali akajibu kwa upole ule ule, "Mtu huyo hatumjui." Wakaaga.

Walipoondoka nilimweleza Mkuu habari za glasi.

"Kwa nini hukusema?"

"Mzee, mimi ni mkalimani. Hakuna aliyezungumza."

"Glasi kumi na mbili zilikuwa zinazungumza. Nyie Waha bwana, ya kijinga mnayasema yote, ya maana mnameza."

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake alinituma niende mwenyewe kwa Mama Daforoza, nimwambie kwamba mumewe ametajwa na amekanwa, na kwamba sehemu ya kosa ni yangu. Alinisikiliza huku anapepeta mtama. Akauliza kama huyo Kanali ni Mrundi kweli, wa kulelewa na mama. Nikasema Kirundi chake ni cha nyumbani, si cha shuleni.

"Basi kwangu atakunywa," akasema.

Ujumbe uliporudi baada ya mvua, Mkuu alidai kikao kifanyike makazini kwenyewe. Mama Balozi aliposikia kwamba Mama Daforoza atawapikia wageni pombe, alisita. Alisema haimo kwenye itifaki, yaani utaratibu wa kupokea wageni wa serikali. Mkuu akamjibu kwamba soda zilikuwamo.

Mama Daforoza aliianza pombe yake ya mtama siku nyingi kabla. Siku yenyewe aliuweka mtungi mbele ya Kanali na maofisa wake, akaufunua pale pale, akatumbukiza mrija, akavuta yeye kwanza, akameza, akangoja kidogo wote waone. Kisha akapiga goti, akamwelekezea mrija. Kanali aliutazama mtungi. Kukataa kungekuwa kumwita mama wa kwao mchawi, hadharani. Akainama, akanywa.

Hakupewa nafasi ya kufuta mdomo. Mama Daforoza alisema taratibu, nami nikamnong'onezea Mkuu kwa Kiswahili:

"Umekunywa kwangu, mwanangu. Aliyekunywa kwangu hanidanganyi. Nestori, mume wangu, yu hai?"

Maofisa wake walitazama chini. Kanali aliushika mrija kama mtu aliyesahau mahali pa kuuweka.

"Yu hai, mama."

Mama Balozi aliandika maneno hayo kwenye daftari, na saa yake pembeni. Hatukupata ahadi wala msamaha. Lakini asiyejulikana sasa anajulikana. Serikali ya namna ile inaweza kumpoteza mtu isiyemjua; yule inayemkiri mbele ya mashahidi kwamba inaye, huyo amekuwa mzigo wake. Toka siku ile barua zetu zilipata pa kuanzia: "Kama alivyothibitisha Kanali..."

Bei ilikuja baadaye. Wangemwachia, mradi asimame mbele ya wakimbizi wenzake, ujumbe ukiwepo, aseme kwao ni shwari. Mama Balozi hakutaka kukubali bila kumuuliza mkewe. Mama Daforoza akasema, "Mleteni. Aseme hata kwamba jua ni la kijani."

Alikuja amekonda, kavaa shati lisilo lake. Alihutubia, nami nikatafsiri: nchi ni shwari, alitunzwa vizuri, milango iko wazi. Muda wote alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na watu walikuwa wanaitazama ile mikono. Baadaye karani akaweka daftari la kujiandikisha kurudi. Mpaka jioni lilikuwa na tarehe tu. Kanali alipata hotuba yake na picha zake. Sisi tulipata fundi wetu.

Sasa nimepita arobaini, nimefanya kazi nyingine katika miji ambayo hata siihesabu, na ile ya Mpanda ndiyo ninayoiota. Wapo wanaosema kuzungumza na watawala wa mabavu ni kuwapa sura nzuri. Ni kweli, tuliwapa. Ningeulizwa leo, ningewapa tena, ila soda ningefungua mezani.

Mkuu alipohamishwa, miguu yangu nayo ikaanza kuwasha. Niliondoka asubuhi na lori la mahindi lililokuwa linakwenda Sumbawanga kwa njia ya Sitalike. Nestori na mkewe walikuja kuniaga, wakaniletea suruali aliyonishonea.

"Ile hotuba yangu," Nestori akauliza, "uliitafsiri yote?"

"Yote."

"Hukupunguza kitu?"

"Sikupunguza."

Akacheka. "Basi siku ile tulikuwa wakalimani wawili, na aliyelipwa ni wewe peke yako."

Dereva akawasha lori. Mama Daforoza alikuwa upande wa pili, anagombana na tingo kwamba begi langu limewekwa vibaya, litaanguka kabla ya Sitalike. Nestori alimtazama mpaka begi likahamishwa.

"Hapana," akasema. "Na mimi nililipwa."