Kunata Siyo Kunyonywa

Dada wa mume wangu, kazini wanamwita Ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, na jina kalipenda mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa ameshika mtungi wa chuma wa maabara yetu, mkubwa kama pipa la maji, unaotolewa hewa yote kwa pampu. Ndani yake hupasha metali moja mpaka iwe mvuke, mvuke ukatua juu ya kipande cha metali nyingine, tabaka jembamba lisiloonekana kwa macho. Kisha huingiza gesi kidogo kupima ni kiasi gani kitashika juu yake.

Mimi ni katibu muhtasi, korido hiyo hiyo. Mdomo ninao, ila kwa wifi nimekutana na mwenzangu. Tangu niolewe na kaka yake ananichokoza: "Wewe kwetu umenata tu. Ukipashwa moto kidogo, huyoo, unakwenda zako." Nami humjibu kuwa moto wenyewe hana.

Mwaka huu akaja mkuu mpya, Daktari. Alitandaza paladi, metali ya bei ghali, juu ya sahani ya shaba, akaingiza gesi ile ya jiko la mkaa inayoua watu vyumbani. Kila jaribio lilianza vizuri. Akishaisafisha sahani na kurudia, gesi haishiki inavyotakiwa. Mara tatu. Akasema mtungi umezeeka, unavuja. Akanipa barua nichape: mtungi uuzwe chuma chakavu, Ombwe ahamie stoo ya karatasi. Niliichapa kwa hasira, herufi moja moja.

Wifi alipopata habari akamfuata ofisini, mimi nipo.

"Daktari, mtungi hauvuji. Nipe mpaka kesho asubuhi."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyolijua jina la mama yangu. Sahani unaisafishaje?"

Daktari akamsomea mwongozo wa maabara: gesi iondolewe kwa moto mkali, saa nzima.

"Hiyo ni gesi iliyonyonywa, ikaingia ndani ya metali," wifi akasema. "Yako imenata juu tu, kama vumbi mezani. Moto mdogo, dakika mbili, imeondoka. Ukiichoma saa nzima, paladi yenyewe inazama, inachanganyika na shaba. Gesi itashika wapi?"

Akafungua daftari lake la zamani. Mistari ilikuwa miwili, mmoja wa kunata, mmoja wa kunyonywa. Kwenye mwongozo uliochapwa kutoka daftari hilo ulikuwepo mmoja tu, wa kunyonywa.

Mwongozo ule niliuchapa mimi. Niliona kunata ni maneno ya gundi, hayafai kwenye karatasi ya wasomi, tena mambo ni yale yale yamerudiwa. Nikaufuta mstari wa kunata. Wifi alitazama daftari, akatazama mwongozo, akanitazama mimi. Kisha akalifunga daftari.

Asubuhi alisugua sahani, akatandaza tabaka jipya, akaingiza gesi. Akaisafisha kwa moto mdogo, dakika mbili, akarudia. Mstari wa kipimo kwenye kioo cha kompyuta ukapanda pale pale ulipopanda mwanzo. Daktari akarudia kwa mkono wake, ukapanda tena.

"Nani aliandika mwongozo huu?" akauliza.

"Makosa ya kuchapa tu," wifi akasema. "Tutarekebisha."

Ningeweza kunyamaza. Lakini niliona aibu, aibu ya kweli.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifuta mstari nikidhani najua."

Daktari alikuna kidevu. "Basi urudishe. Na ile barua niletee niichane."

Tulirudi koridoni na vikombe vyetu vya chai. Nikamwambia, "Wifi, ungenitaja tu. Ni kazi yako iliyokuwa inapotea."

Akapuliza chai yake. "Nikutaje halafu nifanyeje? Miaka yote hii nakutania kuwa umenata. Wewe ulishazama zamani, nani wa kukutoa?"

Nikalia pale pale koridoni, mimi mwenye mdomo.