Mzee Elkana kwenye Ukurasa wa Kwanza

Mtu akiniambia ana tovuti lakini wateja hawaji, swali langu la kwanza huwa moja: wewe mwenyewe umeifungua mara ngapi leo? Mzee Elkana Odera alicheka nilipomuuliza, halafu akasema mara tatu. Nilikuwa nimeshaziona hesabu zake kwenye kompyuta. Mwezi ule mzima tovuti yake ilifunguliwa mara tisini na nne, na karibu zote zilitoka kwenye simu moja, hapa hapa Sori, nayo ilikuwa mfukoni mwake.

Mimi naitwa Joyline, Mkuria wa Kehancha, nina saiba, duka la kompyuta, karibu na stendi ya Sori. Nachapa barua, najazia watu fomu za serikali, na wachache wenye tovuti nawasaidia waonekane Google. Sina subira na mtu mzima anayetaka kubembelezwa, nasema mapema. Lakini mzee huyu alinishinda.

Alikuwa mwalimu wa jiografia. Alistaafu, mkewe Susana akafariki, na wanawe watatu wakatawanyika: Jeff yuko Rongai, Willis Mombasa, Bonface Texas. Nyumbani amebaki yeye, kuku, na simba tatu. Simba ni ile nyumba ambayo kijana wa Kijaluo hujenga karibu na lango la boma la baba yake akishakuwa mkubwa. Za wanawe ni za matofali, sakafu ya simiti, na zilikaa miaka bila mtu kulala ndani.

Januari alianguka bafuni jioni, akalala pale chini mpaka mama wa maziwa alipokuja asubuhi. Watoto wakashtuka. Wakaanza kumpigia simu kila siku saa moja jioni, kwa zamu, na kwenye kundi lao la WhatsApp wakapitisha kwamba baba hawezi kuishi peke yake. Ama boma lipate watu wa kulala humo kabla Agosti haijaisha, ama Jeff aje amchukue wakaishi wote Rongai, ghorofa ya tano. Mzee akaomba ruhusa ya kukodisha simba zao kwa wageni, wakakubali. Akamlipa fundi mmoja kutoka Homa Bay amtengenezee tovuti. Juni ilifika, na hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa amepiga hodi.

"Nikienda hiyo ghorofa, nyathina," aliniambia, "nitakufa nikiangalia nguo za watu zimeanikwa."

Nyathina maana yake mtoto wangu. Dholuo yangu ni ya sokoni tu, lakini hilo nalijua.

Niliifungua tovuti mbele yake. Kichwa cha ukurasa kilisema "Karibu", basi. Chini yake aya nne za jua linavyotua juu ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, kwa Kiingereza cha mtu anayetafuta alama za insha. Hakuna palipoandikwa chumba. Hakuna palipoandikwa Sori.

"Jaduong', nani atasimama Migori town aandike kwa simu 'utukufu wa machweo'?" Jaduong' ni mzee, kwa heshima.

"Mtu anayependa uzuri."

"Huyo atalala kwa gari. Mwenye anatafuta room anaandika nini?"

Hakujua. Nikamwekea kiti ndani ya saiba, nikampa daftari, nikamwambia amuulize kila anayeingia: ukienda mji usioujua, unaandika nini kwa simu ili upate pa kulala? Mnunuzi wa samaki kutoka Kisumu akasema, "Lodging Sori bei gani." Nesi aliyeletwa kituo cha afya kwa wiki mbili akasema, "Rooms safi Sori, na maji." Mwenye kununua dhahabu huko Macalder alisema yeye huandika lodging Karungu, halafu anatafuta neno parking. Mzee akaandika yote kwa mwandiko wa ubaoni, na kila mtu alimuuliza anatoka wapi, alifundisha wapi, anamjua fulani? Kazi iliisha siku ya kwanza. Nilimwacha aendelee na siku ya pili kwa sababu nilimwona uso ulivyochangamka.

Tukaandika kichwa upya: Lodging safi Sori, Karungu, vyumba vitatu, maji na parking. Aya za machweo nikazipunguza zikabaki sentensi mbili, akanuna mpaka chai ikapoa. Namba yake ya simu fundi aliichora ndani ya picha, kwa hivyo hakuna aliyeweza kuibonyeza apige. Na kwenye ramani alama yake ilikuwa ziwani. Mgeni aliyeifuata angehitaji mtumbwi na moyo wa imani.

Zikabaki picha. Zilikuwa nzito hivi kwamba ukurasa ulifunguka kwa muda wa kusonga ugali, na zilipofunguka zilikuwa picha za milango. Mlango wa kijani, mlango wa buluu, mlango wa kahawia. Yote imefungwa.

"Jaduong', mgeni analala mlangoni?"

"Mimi ndiye nilipiga. Siwezi kuingia," alisema. "Baba haingii simba ya mtoto wake."

"Hata kama mtoto ako Texas?"

"Texas haijabadilisha kitu."

Nilicheka. Halafu nikaona nacheka peke yangu. Kumbe mama mmoja jirani, Liz, ndiye hufagia na kufua mashuka, na mzee humwelekeza akiwa nje uani. Tangu nyumba zile zijengwe hajawahi kuona ndani yake.

Jumapili baada ya kanisa nilienda mwenyewe. Nilipiga picha kitanda, neti, dirisha, ndoo ya maji, kila kitu ambacho mgeni huuliza. Mzee alisimama uani amenipa mgongo, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Ya Bonface iko namna gani?" akauliza bila kugeuka.

"Iko poa. Kuna ramani imechorwa kwa ukuta na chaki. Afrika nzima, na mito."

"Mito iko sawa?"

"Jaduong', mimi najua mto Migori peke yake."

Nilipotoka nikamwonyesha simu. Alifikiri kwanza kama kutazama picha ni kuingia, akaamua kwamba kinachoingia ni miguu. Akaikuza ile ramani kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu.

"Zambezi ameikosea," alisema. "Lakini hakuniambia kama anapenda jiografia. Hata siku moja hakuniambia."

Nilichukua simu yangu nikaenda kufanya kazi. Nilizipunguza picha uzito, nikazipa majina ya maneno badala ya namba, nikaandika chini ya kila moja ni ya nini, kwa sababu Google haina macho, inasoma tu. Nikamwambia sasa ni kungoja. Jambo hili ni mihogo, si sukuma wiki. Jeff alijitolea kuandika reviu, yaani maoni ya wageni, tano za kusifu kwa majina ya rafiki zake, nikamkatalia kwa simu na nikakata kabla hajamaliza. Reviu ataandika aliyelala.

Wa kwanza kulala walikuwa manesi wawili, baada ya wiki tatu. Wakaandika kwamba maji yapo na mwenyeji ni mcheshi. Wakaja wanunuzi wa samaki, wakaja watu wa mradi wa maji. Mzee aliwajibu wote chini ya reviu zao, kwa jina, kama nilivyomfundisha. Katikati ya Agosti, ukiandika lodging Sori, wa kwanza kabisa alikuwa Elkana Odera. Tarehe thelathini na moja Jeff akaandika kwenye kundi kwamba mzee anabaki nyumbani. Nilicheza ndani ya saiba mpaka wateja wakanishangaa. Niliona nimeokoa mtu.

Wiki ya tatu ya Septemba akaja asubuhi, akaketi kwenye kile kiti chake. Nilimtania kwamba matajiri siku hizi wanatembea kwa miguu. Hakucheka.

"Nyathina, hizo reviu mgeni yeyote anaweza kuandika?"

"Yeyote aliyefika."

"Wewe umefika. Basi andika. Sema mwenyeji alionekana amechoka. Sema alikuwa anakohoa."

"Unakohoa?"

"Hapana."

Nikamuuliza kwa nini basi tudanganye watu, na sauti yangu ilikuwa juu, najijua. Akaniambia pole pole, kama anayemfafanulia mwanafunzi mzito. Wageni hawana neno, wanalipa, wanafunga mlango, asubuhi wanaondoka. Zamani ilikuwa saa moja ikifika, simu inalia. Sasa Jeff hajapiga tangu tarehe nane. Willis kabla ya hapo. Bonface ameandika kwenye kundi kwamba hakuna haja ya kumsumbua mzee, wafungue tu tovuti: wamesoma reviu ya jana, wameona baba amepika chai, baba ametania, baba yuko sawa.

"Si uwapigie wewe?"

"Nikipiga wanaogopa nimeanguka. Wanashika haraka. Wakisikia niko mzima wanasema watanipigia."

"Basi mimi nitampigia Jeff saa hii, na atanisikia!"

"Usimpigie," alisema. "Simu ya kuombwa si simu."

Niliumia, na nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa sababu ile kazi niliifanya kwa mikono yangu na niliifanya vizuri. Uongo sikuandika. Niliandika kwa jina langu, mbele yake, nikamsomea: "Nimefika hapa mara nyingi. Vyumba ni safi, maji yapo, chai ni nzuri. Saa moja jioni mwenyeji huiweka simu mezani na kuingoja. Ni mzima wa afya. Anakaa peke yake sana."

Akataka niondoe neno "sana". Nikakataa. Tukaituma.

Asubuhi iliyofuata alinikuta nafungua saiba. Hakunisalimu, aliuliza kama kuna kitu. Nikafungua. Chini ya reviu yangu kulikuwa na alama za watu walioipenda, tatu.

"Ni akina nani?"

"Haionyeshi majina, Jaduong'. Inaonyesha tu idadi."

"Na jana ulilala na simu?" nikaendelea kumuuliza. "Ililia?"

"Haikulia." Alikuwa ameinama kwenye kioo cha kompyuta, kidole kikigusa ile tatu. "Lakini ni watatu," akasema. "Jeff, Willis, Bonface. Wamesoma wote."

Alifurahi. Kama kweli ni wao, wamesoma na hakuna aliyepiga. Nilimwangalia akifurahi, nikatamani ningekuwa sijui kusoma.