Bluze Mbili za Mama

Juzi fundi alitia mafuta kwenye cherehani yake, na harufu ile ikanirudisha Rosettenville, mtaa wetu wa ugenini, kwenye chumba ambamo mama alishona huku akimsikiliza Mfaransa mmoja mpiga harmonika, kile kinanda cha mdomo. Mama alikuwa na CD zake tatu. Kwenye jalada la kwanza ndevu za yule mzungu zilikuwa nyeusi, kwenye la mwisho nyeupe tupu, lakini mashavu yalikuwa yamejaa upepo uleule.

"Sikia," mama aliniambia. "Anapiga hata akivuta pumzi. Hana mahali anaponyamaza."

Siku moja papa shemasi, yaani baba shemasi wa kanisa letu, alifika kuchukua blauzi za kwaya alizozishona mama. Akasimama mlangoni, uso ameukunja.

"Mama, ile inalia ni nini?"

"Bluze, papa."

"Sikuulizi nguo!"

Sisi Wakongo Kifaransa kimetuachia neno moja: blauzi ni bluze, na muziki ule pia ni bluze.

"Ni muziki ya dunia," akasema. "Zima, ao kwaya itatafuta mshonaji mwingine."

Nilinyoosha mkono nizime. Mama akaupiga kofi. Akakata uzi kwa meno, akazikunja blauzi zote polepole, akamjazia mikononi.

"Bluze zenu hizi, papa. Ile ingine ni yangu."

Akaongeza sauti ya muziki.

Hatukushonea kwaya tena. Lakini Jumapili iliyofuata mama alinikalisha naye benchi la mbele kabisa kanisani, akaimba. Kwaya nzima iliponyamaza ili ivute pumzi, yeye aliendelea.