Uki wa Ndila

Kuku wa Ndila ulimnusa kabla hujaliona banda lake. Lilikuwa banda la mabati karibu na kituo cha petroli pale Mtito Andei, na jiko lake lilikuwa pipa lililopasuliwa kwa urefu, makaa chini, waya juu. Nasema haya kwa majivuno, maana Ndila ni mama yangu, na miaka ile ya themanini hapakuwa na dereva wa lori wa njia ya Mombasa asiyemjua.

Kuku alikuwa wa kienyeji, amepasuliwa kifua na kulazwa wazi. Alimchoma kwa chumvi tu, polepole, huku akiwakemea wenye haraka. Mchuzi ulikuja mwishoni: ukwaju uliochemshwa, pilipili, kitunguu saumu na asali ya Kyuso, akiupaka kwa brashi aliyoifunga mwenyewe ya nyuzi za mkonge. Ukipaka mapema, asali inaungua na kuku anakuwa mchungu. Waliojaribu kumuiga walipaka mapema, wakawa wanauza makaa.

Siri ya mchuzi hakumpa mtu. Lakini dereva mmoja, Nzomo, alimsumbua mpaka akamchosha.

"Mwaitu, kwani unaweka nini kwa hii kuku?" akauliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Uki," mama akajibu, akageuza kuku.

Sasa, kwa Kikamba uki ni asali, na uki pia ni pombe. Mtu akitaka kueleweka husema uki wa nzuki, yaani wa nyuki. Mama alilikata jina nusu. Nzomo, ambaye kichwani mwake uki ulikuwa wa aina moja tu, akazunguka akimsifia kila mtu kuku aliyelewa. Sifa hizo zikamfikia Mzee Kivuva wa kanisa letu, mtu ambaye hata soda aliinusa kwanza.

Hiyo ilikuwa wiki ya kufungua kanisa jipya. Mama ndiye aliyepewa kazi ya kuwapikia wageni, na aliingojea heshima hiyo kuliko alivyoingojea harusi yake. Kivuva akamwita mbele ya wazee, akamtaja kwa jina langu.

"Mama Kavata, tumesikia unatia pombe kwa kuku. Hiyo kazi tutapatia mtu mwingine."

Babake mama, Nzioka, alikunywa shamba lao lote la Kyuso likaisha, na mama aliapa kwamba tone la pombe halitaingia nyumbani mwake. Kuitwa mtu wa pombe kulimuuma kuliko kofi.

"Mimi, mzee? Mimi msichana wa Nzioka?"

Alienda bandani, akarudi na debe la asali kichwani, akalitua katikati ya wazee.

"Uki yenyewe ni hii. Onja."

Kivuva akanusa. Akatia kidole, akalamba, akatia tena. Mara ya pili kidole kilitoka na kipande cha sega na nyuki aliyekufa. Mzee akamtazama yule nyuki kwa muda.

"Ni asali," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwani mimi nilisema ni nini?"

Kazi ikarudi kwa mwenyewe. Siku ya ufunguzi, wageni waliotoka mbali kama Migwani walikula wakasahau hotuba. Moyo wangu ulijaa nilipoona wanavyogombania mabawa. Mzee Kivuva alimaliza paja, akalamba vidole, akanyoosha sahani, na kwa sauti ile ile ya kuongozea maombi akapaza:

"Ndila, ongeza uki!"

Mgeni mmoja akarudisha kipande chake kwenye sahani. Mama, brashi mkononi, hakusogea.

"Uki wa nini, mzee? Malizia."

"Wa nzuki," mzee akasema, kila mtu akisikia.

Ndipo mama akachovya brashi.