Safu Mbili za Chaki

Fundi wa kola kiwandani kwetu ana vidole virefu visivyoachana na chaki hata wakati wa kula. Pembeni mwa meza yake, inayotazamana na yangu, amechora safu mbili: moja yake, nyingine ya pacha wake, ambaye naye hushona kola, lakini katika nchi nyingine. Kwetu ni saa kumi kwa siku, kule nane, na mshahara wa kule ni mara nne ya huu. Fomu ya kuomba kazi kule ili amfuate ilikaa miezi mitatu mfukoni mwa aproni yake bila sahihi. “Shemeji, hesabu gani hiyo isiyoisha?” wanawake wa vifungo humtania. Yeye hupuliza vumbi la chaki na kusema, “Ngoja nipime tena.”

Leo mchana, siku ya mwisho ya kurudisha fomu, pacha alipiga simu. Fundi akamwuliza, “Hizo saa mbili za mapumziko unazonizidi, unazifanyia nini?”

Pacha akajibu kwenye spika, “Naomba wanipe zamu nyingine, kaka. Chumbani hakuna wa kuniambia pole na kazi.”

Fundi alifuta safu zote mbili kwa kiganja, akajipangusa kwenye aproni, akaniomba kalamu.