Koo la Mtetezi wa Wakulima

Bwana yule anayewasemea wenye mashamba makubwa ya California haonekani bungeni Sacramento bila buti za shambani, na buti zenyewe hazijawahi kuonekana shambani. Zinang'aa hata ungeweza kujitazama humo ukijipaka wanja, aliwaza Eulalia, mchuma zabibu, akizikodolea macho kutoka viti vya nyuma. Kila mbunge anayepita, bwana huyo humtilia lozi kiganjani, humshika bega, humuulizia mama yake. Sauti yake ni ya matangani. Hujui kama anaupinga mswada au anauzika. "Sisi wakulima," husema, akijigusa kifua upande ambao moyo hauko. Siku hiyo mswada ulitaka maji ya kunywa yawekwe karibu na vibarua. "Waheshimiwa, maji yapo," alilalama. "Yapo mwisho wa shamba. Na kutembea ni afya!" Kisha akakohoa, akalitazama jagi lililokuwa upande wa pili wa meza, akamgeukia karani. "Dada, hebu nisogezee hilo jagi. Koo limenikauka." Likasogezwa. Akanywa glasi mbili, akapangusa midomo taratibu, kama mtu aliyetoka kulima.

Ikafika zamu ya wananchi, ambao kwa desturi ya pale hutaja jina na msimamo, kuunga mkono au kupinga, basi. Eulalia akasogelea kipaza sauti. "Eulalia Xicay, nachuma zabibu. Mwenyekiti, jua la kule—"

"Jina na msimamo tu, mama."

"Haya, baba. Niandikie msimamo wa yule bwana. Ule aliokuwa nao koo lilipomkauka."